Kinini Kimoja, Damu Mbalimbali: Vile Watu Walijifunza Kupima Digoksini



Mu mwaka 1971, kikundi cha watafiti wa New York, kikiongozwa na John Lindenbaum, kilifanya jaribio moja ambalo kwa kuliangalia ni lepesi tu. Walichukua vinini vya digoksini, dawa ya moyo, vya matengenezo 4 tofauti. Ku karatasi ya kila chupa, kipimo kilikuwa kilekile. Waliwapa watu wenye afya wameze, kisha wakawatoa damu na kuangalia dawa imefika ngapi ndani. Kumbe tofauti ilikuwa ya kushangaza: kinini kimoja kiliweza kupandisha dawa mu damu mpaka mara 7 kuliko kinini kingine. Karatasi zinasema sawasawa, damu zinasema mbalimbali.

Kwa dawa nyingi, jambo kama hilo ni ubaya. Kwa digoksini, ni mambo ya uzima na kifo. Kipimo chake cha kusaidia na kipimo chake cha kuua viko karibu sana, kama nyumba mbili zenye kutumia ukuta moja. Mugonjwa aliyezoea kinini kibaya, siku moja akipewa kinini kizuri chenye jina lilelile, anaweza kuingia mu hatari bila hata kuongeza dozi.

Sasa swali ni hili: dawa hii ilikuwa inatumiwa tangu miaka karibu 200. Juu ya nini hakuna mutu aliona tofauti hiyo mbele? Jibu ni kwamba macho ya kuiona hayakuwapo. Yalikuja kutoka mahali ambapo hakuna mutu angetafuta dawa ya moyo: mu mwili wa sungura, mu yai la kuku, na mu udongo. Tufuate hii historia pole pole.

Tuanze na jani. Mu 1775, daktari Muingereza William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya siri ya familia moja, iliyokuwa imetunzwa na mama muzee wa Shropshire. Mama ule alikuwa anaponya watu waliovimba mwili kwa maji, hata wale ambao wanganga walikuwa wameshindwa. Ndani ya dawa mulikuwa mimea 20 na zaidi. Withering alikuwa anajua mimea muzuri, na alitambua kwamba moja tu njo yenye kufanya kazi: digitali, ule mmea wenye maua ya zambarau yenye umbo la kofia ya kidole. Alifanya kazi juu yake miaka 10, na mu 1785 akatoa kitabu chake. Mu kitabu kile hakuficha kitu. Aliandika waliopona na waliokufa. Aliandika pia alama za sumu: kutapika, kuona vitu kwa rangi ya manjano ao ya kijani, mapigo ya moyo kuenda pole sana, kisha kifo.

Wale waliosoma agronomia watapenda jambo moja hapa. Withering aliona kwamba nguvu ya mmea haiko sawa kila wakati. Njo maana alitoa amri: tumieni majani, muyachune wakati mmea unakaribia kutoa maua, muyakaushe, muyasage unga. Alikuwa anajaribu kutengeneza kipimo kwa njia ya shamba, juu hakuwa na njia nyingine. Lakini udongo, jua, mvua na siku ya kuvuna, vyote vinabadilisha jani. Yeyote aliyepima mihogo ya mashamba mawili ya jirani anajua vile hayo ni kweli.

Afrika nayo ilikuwa na mimea yenye sumu za ukoo huohuo. Mu safari ya Livingstone ku Zambezi iliyoanza 1858, daktari na mutaalamu wa mimea John Kirk, ule ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza ku Zanzibar, alikuta wawindaji wa upande wa mto Shire, mu Malawi ya leo, wanapaka mishale sumu inayoitwa kombe. Habari inayosimuliwa ni kwamba mswaki wake ulikaa pamoja na ile sumu, na aliposugua meno akasikia mapigo ya moyo wake yamebadilika. Thomas Fraser wa Edinburgh alisoma ile sumu, na mu miaka ya 1880 ikaingia mu hospitali za Ulaya kama dawa ya moyo, kwa jina la strofantini. Jina la wawindaji likabaki ku mmea: Strophanthus kombe. Basi Ulaya na Afrika, bila kuambizana, zilikuwa zimefika ku mulango moja. Lakini mushale unataka kuua tu, hauhitaji mpaka wa juu. Dawa inahitaji.

Kwa muda mrefu, watengenezaji wa dawa walijaribu kuweka ule mpaka kwa kutumia wanyama. Unga wa digitali ulikuwa unapimwa ku vyura, ku paka, ku njiwa: unahesabu ni ngapi inatosha kusimamisha moyo wa munyama, na kutoka pale unakadiria dozi ya mutu. Mu 1930, Sydney Smith, mukemia wa kampuni Burroughs Wellcome mu Uingereza, alitoa digoksini safi mu digitali ya aina nyingine, Digitalis lanata. Hapo watu walifikiri taabu imeisha. Sasa unaweza kupima dawa ku mizani, kwa miligramu, na kuandika 0.25 ku karatasi.

Lakini kupima dawa ku mizani ni jambo moja, kujua ngapi imefika mu damu ni jambo lingine. Kinini kinaweza kukosa kuyeyuka muzuri mu tumbo. Figo zinaweza kuwa zimechoka, na digoksini inatoka zaidi kwa njia ya figo. Mu mutu mwenye figo nzuri, nusu ya dawa inatoka mu siku moja na nusu hivi mpaka mbili. Figo zikiwa mbaya, inakaa siku nyingi na kujilimbikiza. Tena kuna potasiamu. Digoksini inafanya kazi kwa kuzuia ile pampu ya chembe za moyo inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Potasiamu ikipunguka mu damu, dozi ya kila siku inaweza kugeuka sumu. Na wagonjwa wengi wa moyo wanapewa pia dawa za kukojolesha, ambazo zinapunguza potasiamu.

Munganga alikuwa anabaki na fumbo ambalo lilikuwa linaua watu. Mugonjwa wake anatumia digoksini, moyo unaanza kupiga bila mpango. Ni ugonjwa umezidi? Basi aongeze dawa. Ao ni dawa imezidi? Basi aikate. Alama ni zilezile, dawa ni kinyume. Akikosea upande, anamaliza mugonjwa kwa mukono wake mwenyewe, na hakuna mutu atajua.

Angetaka kupima damu, angetafuta kitu kidogo ajabu. Kipimo cha digoksini kinahesabiwa kwa nanogramu mu mililita. Nanogramu 1 mu mililita 1 ni nini? Fikiri bwawa la samaki la metre 20 kwa 50, kina chake metre 1. Tupa ndani gramu 1 ya dawa, changanya muzuri. Kisha chota kikombe kimoja na useme ndani muna dawa ngapi. Kemia ya kawaida ya hospitali za wakati ule haikuweza.

Hapa njo mwili wa munyama unaingia kazini. Tangu zamani watu walijua kwamba mwili ukiona kitu kigeni unatengeneza kingamwili, zile protini ambazo wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kama antikori. Kila kingamwili inashika kitu chake, haishiki kingine kirahisi. Mu New York, mu hospitali ya maaskari wa zamani ya Bronx, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa wanasoma wagonjwa wa sukari waliopewa insulini ya ng'ombe na ya nguruwe. Waliona kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa imetengeneza kingamwili za kushika insulini. Wakubwa wa sayansi walikataa: insulini ni ndogo mno, haiwezi kuamsha kingamwili. Hata gazeti la sayansi liliwalazimisha kuondoa lile neno ku kichwa cha makala yao. Lakini wao walikuwa na haki, na walifikiri mbali zaidi: kama kingamwili inashika insulini vizuri hivi, tuitumie kuipima.

Wazo lao ni rahisi kulielewa kwa mufano wa bus. Bus ina nafasi 10, hizo ni kingamwili. Wewe unaleta abiria 10 wenye kofia nyekundu: hiyo ni dawa yenye alama, ambayo unajua hesabu yake. Kisha unaleta abiria wa mugonjwa, wasio na kofia, ambao haujui hesabu yao. Wote wanagombania nafasi. Bus ikiondoka, hesabu kofia nyekundu zilizo ndani. Ukiona kofia nyingi, abiria wa mugonjwa walikuwa wachache. Ukiona kofia kidogo, walikuwa wengi. Kofia nyekundu ya Yalow na Berson ilikuwa mionzi ya nyuklea. Njia yao ilitoka mu makala zao za 1959 na 1960. Hawakuitaka iwe mali yao ya kuuza. Waliiachia watu wote. Berson alikufa 1972, na mu 1977 Yalow alipewa zawadi ya Nobel.

Kwa digoksini, shida ilikuwa kubwa kuliko kwa insulini. Molekuli ya digoksini ina uzito wa 781 tu hivi, wakati kingamwili moja ina karibu 150,000. Mwili wa sungura hauwezi hata kuitambua kama mugeni. Njo hapa Vincent Butler na James Chen wa Columbia University, mu 1967, walitumia ujanja ambao Karl Landsteiner alikuwa amefungua mwanzoni mwa karne: waliifunga digoksini ku protini kubwa, albumini. Ni kama kufunga kitambaa kidogo ku shingo ya ng'ombe. Kitambaa peke yake mu nyasi hakuna atakayekiona, lakini ng'ombe ikipita kila mutu ataona ng'ombe na kitambaa chake. Sungura walipodungwa ule mchanganyiko, walitengeneza kingamwili za albumini, na zingine za digoksini yenyewe.

Miaka 2 baadaye, mu 1969, Thomas W. Smith na Edgar Haber wa Boston, pamoja na Butler, walipima damu ya wagonjwa kwa kutumia zile kingamwili. Kwa mara ya kwanza picha ilionekana: wengi wa wasiokuwa na alama za sumu walikuwa chini ya nanogramu 2 mu mililita, wengi wa wenye sumu walikuwa juu yake. Mpaka haukuwa kama kisu, juu kuna wagonjwa waliopishana mu eneo la katikati. Lakini munganga mwenye fumbo sasa alikuwa na kitu cha kumusaidia kuchagua upande.

Na sasa munaelewa vile Lindenbaum, akiwa pamoja na Butler huyohuyo, aliweza kuona tofauti ya vinini mu 1971. Alikuwa ameazima macho ya sungura. Baada ya hapo serikali ya Marekani iliweka sheria juu ya vile vinini vya digoksini vinapaswa kuyeyuka, si tu juu ya uzito wa dawa ndani yake. Mamilioni ya vinini vilikuwa vimemezwa mbele ya siku ile, na miligramu zilikuwa zimeandikwa ku karatasi zao. Ila hazikuwa zinafika mahali pa kazi kwa kiasi kimoja.

Kisha kipimo chenyewe kikageuka dawa. Kama kingamwili inashika digoksini hivi, haiwezi kuiondoa mu mwili wa mutu mwenye sumu? Kikundi cha Smith, Haber na Butler kilichukua kingamwili za kondoo, kikakata kile kipande kinachoshika, na mu 1976 wakatangaza mugonjwa wa kwanza: mutu aliyemeza dozi kubwa mno, moyo ukiwa karibu kusimama, akapona. Mu 1986 dawa hiyo iliruhusiwa rasmi mu Marekani.

Mpaka hapa kofia nyekundu bado ni mionzi. Mionzi ina taabu zake: inahitaji ruhusa, mashine maalum, takataka zake ni hatari, na nguvu yake inapunguka kila siku hata ukiiacha mu frigo. Labo ya mahali kidogo haiwezi. Mu 1971, Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, na upande wa Uholanzi Van Weemen na Schuurs, walibadilisha mionzi kwa enzimu inayotoa rangi. Njo kipimo tunachokiita ELISA, ambacho tangu 1977 kimeingia sana mu agronomia kwa kutafuta virusi vya mimea. Mutu aliyepima bunchy top ya ndizi kwa ELISA alikuwa anatumia mutoto wa historia hii, hata kama hakujua.

Na biotini inaingia wapi? Inaingia kwa njia ya yai. Mu 1927, mu London, mutafiti Boas alilisha panya ute wa yai mubichi uliokaushwa, kama chakula chenye protini nzuri. Panya wakaharibika ngozi na kupoteza manyoya. Kulikuwa kitu mu ute kinachowaumiza, na kitu mu vyakula vingine kama maini kinachowaponya. Mu 1936, Kögl na Tönnis walikamata kitu kile cha kuponya: kutoka kilo 250 za kiini cha mayai kilichokaushwa, walipata karibu miligramu 1 tu. Njo biotini, vitamini ambayo Vincent du Vigneaud alionyesha umbo lake mu 1942. Na kile cha kuumiza mu ute kilikuwa protini, ambayo watafiti wa Texas waliita avidini mwanzoni mwa miaka ya 1940. Avidini ilikuwa inanyang'anya panya biotini yote mu tumbo, inaikamata na haiachi.

Haiachi kweli. Mushiko wa avidini na biotini ni moja ya mishiko yenye nguvu kuliko yote inayojulikana mu viumbe bila kuunganishwa kikemia. Mu 1964, watu waliokuwa wanatafuta antibiotiki walikuta bakteria ya udongo, Streptomyces avidinii, inayotoa protini yenye mushiko wa namna hiyohiyo. Iliitwa streptavidini, na kwa kazi za labo ilionekana bora kuliko ile ya yai, juu haigandi ovyo ku vitu vingine. Mu miaka ya 1970, Meir Wilchek na Edward Bayer wa Weizmann Institute mu Israel, pamoja na wengine, waligeuza ule mushiko kuwa chombo. Biotini ni ndogo: uzito wake ni 244 tu. Unaweza kufunga biotini kadhaa ku kingamwili moja bila kuiharibu mukono wake wa kushika. Kisha unaleta streptavidini yenye kubeba enzimu, inakuja kuganda pale biotini iko. Na kila streptavidini ina nafasi 4. Alama inakuwa kali, haiozi kama mionzi, na kingamwili moja yenye biotini unaweza kuitumia na rangi yoyote unayotaka.

Basi kipimo cha digoksini kwa utafiti ku labo kinaweza kupangwa hivi. Mu vishimo 96 vya sahani ya plastiki unagandisha digoksini iliyofungwa ku protini. Unaweka sampuli yako, na juu yake kingamwili ya digoksini yenye biotini. Kingamwili inakuwa na njia mbili: kushika digoksini iliyo huru mu sampuli, ao ile iliyogandishwa chini. Unaosha. Ile iliyoshika digoksini huru inaenda na maji. Iliyobaki chini inavuta streptavidini na enzimu yake, unaongeza dawa ya rangi, unasoma. Rangi kali maana yake digoksini kidogo mu sampuli. Rangi hafifu maana yake digoksini mingi. Mufano wa bus uko pale pale, ila abiria wamegeuka upande.

Mupaka hapa historia ni tamu. Lakini kila chombo kina mahali pake pa kudanganya, na kwa hiki ni jambo la kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Mutu muzima anahitaji biotini karibu mikrogramu 30 kwa siku, na chakula cha kawaida kinatosha. Siku hizi ku maduka na ku intaneti wanauza vinini vya biotini vya kuotesha nywele na kukaza kucha, vya miligramu 5 ao 10 kila kimoja. Miligramu 10 ni zaidi ya mara 300 ya mahitaji ya siku. Ile biotini inazunguka mu damu. Sasa mashine nyingi za hospitali zinatumia streptavidini na biotini mu vipimo vyake, na mu baadhi yake damu inachanganyika moja kwa moja na vyombo hivyo. Biotini ya nywele inaenda kukalia nafasi za streptavidini zilizowekewa kingamwili. Mashine haioni mwizi. Inasoma tu kwamba alama ni kidogo.

Tokeo lake linategemea mupangilio wa kipimo. Mu vipimo vya kugombania nafasi, ambavyo vinatumika kwa vitu vidogo kama digoksini, alama kidogo inasomwa kama dawa mingi: mugonjwa anaweza kukatiwa dawa aliyoihitaji. Mu vipimo vya kukamata kitu kikubwa kwa kingamwili mbili, alama kidogo inasomwa kama hakuna kitu. Mu Novemba 2017, FDA ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili, na ilitaja mugonjwa aliyekufa baada ya kipimo cha troponini, alama ya moyo kuumia, kutoa jibu la chini la uongo sababu ya biotini nyingi. Kitamini ambacho panya wa 1927 walikosa, mutu wa leo anakimeza kupita kiasi, na yote mawili yanafika ku mateso kwa njia ya mushiko moja.

Na kipimo kiliendelea kufundisha wanganga. Mu 1997, utafiti mukubwa wenye wagonjwa 6,800 wa moyo kushindwa ulionyesha kwamba digoksini haipunguzi vifo kwa jumla, ila inapunguza kulazwa ku hospitali. Mu 2003, watafiti walirudi ku hesabu za damu za utafiti uleule, wakaona kwamba mu wanaume wale waliokuwa na nanogramu 0.5 mpaka 0.8 walikufa kidogo kuliko wasiopewa dawa, na wale wa 1.2 na zaidi walikufa zaidi. Dawa ni ileile. Kilichotenganisha makundi ni nusu nanogramu hivi. Ile nanogramu 2 ya 1969, ambayo iliokoa wengi, leo inaonekana ni juu mno kwa wagonjwa hao.

Tuseme sasa juu yetu. Digoksini iko ku orodha ya dawa za lazima ya OMS, na kinini chake ni cha bei ndogo, kwa hiyo kinafika mbali. Kipimo chake cha damu hakifiki mbali hivyo. Si kitu unakuta mu kila hospitali ya mikoa yetu. Maana yake dawa ya karne ya 20 tunaitumia mara nyingi na macho ya Withering: kuangalia mapigo, kuuliza kama mugonjwa anatapika, kuuliza kama anaona manjano. Hayo macho si ya kudharau, na munganga anayeyatumia vizuri anaokoa watu. Lakini mama muzee mwenye figo zilizochoka, anayebadilishiwa kinini mu kila farmasi kadiri ya bei ya siku, yuko mahali palepale wagonjwa wa mbele ya 1971 walikuwa.

Kwa hiyo mwenye mutu wa digoksini nyumbani ashike mambo matatu. Kama vinini vimebadilika sura ao kampuni, munganga ajue. Kama mugonjwa anahara, anatapika ao ameongezewa dawa ya kukojolesha, munganga ajue, juu ya potasiamu na figo. Na kama kuna mutu anayeenda kupimwa damu huku anameza vinini vya nywele, aseme mbele ya kutolewa damu, hata kama anaona haya. Lakini asikate dawa ya moyo peke yake nyumbani.

Na kwa ninyi mulio ku labo, ao munaoandika TFC mukitumia kiti yenye kingamwili za biotini: kabla ya kuamini ile namba, ulizeni ile kingamwili ilifundishwa kushika nini, inashika ndugu gani wengine wa kitu hicho, na mu sampuli yenu muna biotini ngapi tayari. Sisi wa mimea na mifugo tunasahau kwamba maini, mayai, chachu na chakula cha kuku kilichoongezewa vitamini vimejaa biotini. Kibandiko cha chupa kitaandika jina lake muzuri. Vinini vya 1971 navyo vilikuwa na vibandiko vizuri.

Tuko pamoja.